Miti Wote wa Nong'ona

Nchi ninayoisimulia haina kasoro. Hilo limeandikwa katika katiba yake, kifungu cha kwanza. Kifungu cha pili kinasema kwamba anayebisha kifungu cha kwanza arejeshwe shuleni. Mimi sibishi, na shuleni nilikwisha kurejea kwa hiari yangu nikiwa na miaka hamsini na mbili, katika darasa la jioni la Mwalimu Rehani. Ninayoyaeleza hapa nayaeleza kwa nia njema, baada ya kuomba, na bila kumsema mtu vibaya.

Pembezoni mwa makao makuu ya nchi hiyo kuna kichaka kinachoitwa Nong'ona. Si msitu mkubwa. Ukianza kusalimiana na mtu upande huu, kwa zile salamu zetu za kuulizia mpaka hali ya mbuzi, mtamaliza mkiwa upande wa pili. Zamani ilikuwako mipingo, mininga na mivule. Watu wakaikata karibu yote, na palipokatwa pakaota gugu moja la kigeni lenye miiba na maua ya rangi mbili, zuri kwa macho, ambalo haliachi kitu kingine kiote karibu nalo. Chemchemi iliyokuwa katikati ikakauka.

Bi Zamoyoni alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini. Alistaafu siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi akaingia Nong'ona na panga, kwa sababu, alisema, hajui kukaa bila kupigana na kitu kikubwa kuliko yeye. Tukamfuata watu tisa, wakiwemo Ngwatu fundi baiskeli na mimi mfyatua matofali. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi, tuling'oa gugu hilo na kulinda miche ya asili iliyochomoza yenyewe mara ilipopata jua. Mwaka wa saba Bi Zamoyoni aliweka kiganja chini, pale penye chemchemi, akakiinua kikiwa kimelowa. Hakusema neno mpaka jioni, jambo ambalo kwake halijawahi kutokea kabla wala baada ya hapo. Leo mitaa mitatu inachota maji pale.

Katika nchi hiyo kufanya kazi bila malipo kunatiliwa shaka, na mimi naelewa kwa nini. Kwa hiyo kila mwaka tulijaza fomu ya Kibali cha Kufanya Kazi Bure. Fomu ina swali moja tu: Kwa nini? Mwaka wa kwanza tuliandika, "Kwa ajili ya Mungu." Ofisi ikajibu kwa adabu kwamba taasisi hiyo haimo katika orodha ya taasisi zilizosajiliwa. Tangu hapo tukaandika, "Kwa ajili ya mazoezi," na kibali kikawa kinatoka.

*

Sasa ikawa nchi yetu imepewa heshima ya kuandaa Kongamano Kuu la Kupenda Miti. Wageni wa kutoka nchi arobaini walitarajiwa, kila mgeni na gari lake, na kila gari na gari la kulisindikiza. Swali likawa, yaegeshwe wapi? Lilimwangukia Mheshimiwa Dokta Kasongoro, Waziri wa Mazingira, Maegesho na Mengineyo. Mheshimiwa alipanda helikopta, akazunguka mji mara moja, akashuka akiwa amepata jibu. Alikuwa ameona, alisema, eneo zuri lisilo na kitu chochote ila miti.

Papo hapo akatamka waraka. Mheshimiwa ni mtu wa kasi, na anapotamka maneno, sarufi humfuata nyuma ikihema. Mpiga chapa wake, dada mmoja mcha Mungu, aliliona kosa. Alilitazama kosa, kosa nalo likamtazama, kisha akalipiga chapa kama lilivyotamkwa. Aliyewahi kumsahihisha Mheshimiwa kabla yake sasa anapiga chapa katika kisiwa kisicho na umeme wala karatasi. Waraka ukapelekwa kwa Mtukufu Kiongozi, naye akautia saini bila kuusoma, kwa kuwa kusoma kungeonyesha kwamba hawaamini wasaidizi wake.

Hapa lazima nieleze Sheria ya Ukamilifu. Inasema: andiko lolote lenye saini ya Mtukufu halina kosa, na anayeliona kosa ndani yake, kosa liko machoni mwake. Ni sheria nzuri. Imeokoa wino mwingi.

Waraka ulifika Nong'ona Jumamosi, mkononi mwa Afisa Mtendaji wa kata, Bwana Selengu, mtu mpole mwenye mihuri ishirini na miwili na kofia moja. Aliugongomelea kwenye mvule kwa msumari, akatupa pole, akaondoka haraka. Bi Zamoyoni aliniita nije niwasomee, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kwenye darasa jana yake.

"Asome polepole," Ngwatu akasema. "Akisoma haraka hata yeye mwenyewe haelewi."

Nikasoma: "Miti wote wa Kichaka cha Nong'ona waondolewe ndani ya siku thelathini, ili kupisha maegesho ya Kongamano Kuu la Kupenda Miti."

Bi Zamoyoni aliigeuza ndoo yake akaikalia. Aliuliza chemchemi itakuwaje, ingawa wote tulijua. Chemchemi ile inaishi kwa kivuli. Ukiondoa kivuli, mitaa mitatu inarudi kununua maji kwa ndoo, na yeye anarudi kutazama ukuta wa nyumbani kwake.

"Miaka kumi na mmoja," akasema, "halafu gari lije likae pale, halina hata kiu."

Mimi nilikuwa bado nimeutazama waraka. Niliomba niusome tena.

"Ukiurudia utabadilika?" Ngwatu akauliza.

Nikamwambia sijui, ila kuna mahali pananikwaruza.

*

Mwalimu Rehani ni mtu mwembamba ambaye hawezi kupita karibu na kibao cha duka bila kukisahihisha. Inasemekana alipokuwa kijana alimrudishia mchumba wake barua ya mapenzi ikiwa na alama saba kwa kumi, na kwamba alioa mwanamke mwingine aliyepata tisa. Nilimpelekea nakala ya waraka kabla ya kipindi kuanza. Aliusoma, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena, kisha akafunga mlango wa darasa.

Alinikumbusha somo la wiki ile. Mti na miti ni ngeli ya U-I: mti huu, miti hii, miti yote iondolewe. Lakini waraka haukusema miti yote iondolewe. Ulisema miti wote waondolewe, kama mtu anavyosema wapangaji wote waondolewe, au mawaziri wote, Mungu apishe mbali. Hiyo ni ngeli ya A-WA, nayo ni ya wenye uhai wa kutembea: watu, na wanyama kwa kuwapa heshima.

"Hapa kuna mambo mawili," akasema kwa sauti ya chini. "Ama Mtukufu amekosea, ama miti ni watu."

Tukautazama mlango, sote wawili.

"Na Mtukufu hakosei," nikasema.

"Hajawahi."

"Kwa hiyo, Mwalimu?"

"Kwa hiyo kesho ukipita Nong'ona, wasalimie."

*

Kuanzia hapa nitaandika kama Serikali inavyotaka, na msomaji anisamehe masikio yake yakiwasha.

Tulikwenda kwa Bwana Selengu watu watatu: Bi Zamoyoni, Mwalimu na mimi. Mwalimu alimweleza ngeli kwa nusu saa. Bwana Selengu alisikiliza huku uso wake ukibadilika kama wa mtu anayeelezwa ugonjwa wake. Kisha akatoa kabatini Sheria ya Kuhamisha Watu na kuisoma kwa kidole. Kila mtu anayehamishwa ni lazima aandikishwe kwa jina. Ni lazima akabidhiwe barua. Na ni lazima, katika mkutano wa hadhara, aulizwe kama anakataa.

Akampigia simu Waziri, nasi tukiwa tumekaa pale pale. Kwa kuwa Mheshimiwa huongea kwa sauti ya mkutano hata kwenye simu, tulisikia yote. Kwanza alisema kila mjinga anajua miti si watu. Bwana Selengu akamuuliza, kwa unyenyekevu, kama basi aandike katika taarifa kwamba waraka una kosa, na kwamba kosa limethibitishwa na Mheshimiwa mwenyewe. Tukasikia akisafisha koo. Mheshimiwa alipata wazo: je, haiwezekani wakawa wanyama? Bwana Selengu akasema inawezekana kabisa, ila wakiwa wanyama watahamia Wizara ya Wanyama. Wizara hiyo iko chini ya shemeji yake Mheshimiwa, na wao wawili hawajasalimiana tangu mgao wa magari.

"Ni watu," Mheshimiwa akasema. "Waandikishe."

Uandikishaji ulianza Jumatatu. Bwana Selengu alikuja na meza, kiti na daftari kubwa la wakazi, akaanza na mpingo mmoja mzee aliyesimama karibu na njia. Alimuuliza jina. Mpingo hakujibu. Akamuuliza tena kwa sauti ya juu zaidi, kama tunavyofanya kwa wageni na viziwi.

"Huyo hapendi kuulizwa ulizwa," Bi Zamoyoni akamwambia. "Andika Mpingo bin Mpingo."

"Kazi yake?"

"Kusimama."

"Kusimama si kazi, mama."

"Na askari wa getini kwa Waziri anafanya nini?"

Bwana Selengu akaandika: Kusimama. Kwenye hali ya ndoa alisita sana, kwa maana mpingo yule alikuwa amezungukwa na miche kumi na wanne wanaofanana naye, na hapakuwa na mke aliyejulikana. Yeye ni mtu wa dini. Akaandika, "Mungu anajua," na kwa mara ya kwanza taasisi ile ikaingia katika kumbukumbu za Serikali.

Siku ya pili alileta mto wa kukalia. Siku ya tano aliacha kuvaa koti. Wiki ya pili nilimkuta ameegemea mninga wakati wa chakula, anaeleza jinsi mkubwa wake wa zamani alivyomnyima cheo, na hakuna aliyekuwa karibu isipokuwa mninga. Aliponiona alikohoa, akasema anafanya mahojiano.

Hesabu ilipofungwa, kata yetu ilikuwa imeongezewa wakazi elfu nne mia tatu na kumi na mmoja. Mambo yakaanza kuja yenyewe. Wizara ya Afya ilileta vyandarua elfu nne, tukawafunika miche wakati wa panzi. Ofisi ya Takwimu ilitangaza kwamba wastani wa urefu wa mwananchi umepanda hadi mita sita, na gazeti la Serikali likausifu mpango wa lishe. Katibu wa chama alikuja kuwakagua, akarudi amejaa furaha. Alisema hajawahi kuona raia wa mfano kama hao: hawalalamiki, hawasafiri ovyo, hawaulizi bei ya sukari, na wanasimama wima wimbo wa taifa unapopigwa, na hata usipopigwa.

Idara ya Uhamiaji nayo ilikuja, maafisa sita waliosikia kwamba kuna wageni wengi wameingia kichakani bila hati. Wakataka kuwaona. Tukawaonyesha gugu lile la maua ya rangi mbili. Mwalimu Rehani akalazimika kuwaeleza kwamba gugu na magugu ni ngeli ya LI-YA, hivyo hayo si watu na hayawezi kukamatwa. Maafisa walihuzunika, kwani walikuwa wamekuja na pingu. Bi Zamoyoni akawaonea huruma, akawaambia si lazima warudi mikono mitupu. Akawapa majembe. Waling'oa mpaka saa tisa, na mmoja wao huja mpaka leo.

*

Siku ya thelathini ulifanyika mkutano wa hadhara.

Mheshimiwa alikuja na hema, bendi ya matarumbeta, na tingatinga moja la manjano ambalo dereva wake hakuzima injini. Sisi tuliwekwa nje ya kamba. Tunaishi ng'ambo ya barabara, na sheria inasema wanaoulizwa ni wakazi wenyewe tu. Bi Zamoyoni alikuwa amevaa kanga yake mpya, kama mtu anayekwenda kuzika. Ngwatu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikuwa anatafuna kijiti.

Mheshimiwa alianza kwa kusema, "Ndugu wananchi, mlio na majani na msio na majani." Bendi ikapiga. Akaeleza jinsi Serikali ilivyowafikishia vyandarua. Akaeleza kuwa yeye mwenyewe ni mtoto wa mkulima, na kwamba baadhi ya rafiki zake wakubwa ni miti. Kisha akafika kwenye jambo.

"Serikali hii inawapenda miti," akasema, "kiasi kwamba iko tayari kuwaondoa nyinyi nyote, ili wageni wetu wapate mahali pa kuegesha watakapokuja kutufundisha jinsi ya kuwapenda."

Watu wa hemani wakapiga makofi. Sasa, katika nchi ile mkutano hauulizi nani anakubali. Ingechukua muda. Unauliza nani anakataa, na anayekataa hunyoosha mkono, na asiyenyoosha amekubali. Mikono hiyo huhesabiwa na Afisa Mtendaji na kuandikwa. Kwa miaka yote hesabu imekuwa sifuri, isipokuwa mara moja tu, ambapo bwana mmoja alimfukuza nzi.

Niliinamisha kichwa nikaomba. Nilimwomba Mungu awape miti sauti. Si sauti kubwa. Nilisema hata kikohozi kingetosha. Nilifungua macho nikasikiliza. Hapakuwa na sauti. Hata upepo ulikuwa umetulia, kana kwamba nao umekatazwa. Mungu ana kawaida ya kutonipa ninachokiomba.

"Wanaokataa kuhama," Mheshimiwa akasema, huku akitazama saa, "wanyooshe mikono."

Hakungoja. Alimpungia dereva wa tingatinga, na tingatinga likanguruma. Alichobakiza ni kusikia sifuri kutoka kwa Bwana Selengu, kwa kuwa sheria inataka itamkwe.

Bwana Selengu alikuwa amesimama na daftari lake. Alitazama mbele. Kisha akainua macho juu, polepole, akaendelea kuyainua, mpaka kofia yake ikaanguka nyuma. Hakuiokota. Akalowesha kidole, akafungua ukurasa mpya.

"Mmoja," akasema.

Mheshimiwa akageuka.

"Wawili. Watatu. Huyu wa nne ana mikono kumi na sita, Mheshimiwa. Nihesabu yote, au nimhesabu yeye kama mtu mmoja?"

"Unahesabu nini, wewe?"

"Mikono, Mheshimiwa. Wamenyoosha."

Tukatazama. Nong'ona nzima, kuanzia njiani mpaka chini kwenye chemchemi, ilikuwa imenyoosha mikono juu, mirefu na mifupi, mingine miwili miwili kama mtu anayeibiwa, na miche nao wamenyoosha kadiri ya kimo chao. Ilikuwa imenyoosha hivyo tangu asubuhi. Kwa kweli ilikuwa imenyoosha hivyo miaka yote, ila hakuna aliyekuwa ameiuliza.

"Hayo ni matawi," Mheshimiwa akasema.

Mwalimu Rehani alikuwa nje ya kamba pamoja nasi, na hana ruhusa ya kusema katika mikutano. Lakini kusahihisha kwake si kusema, ni kama kupumua. "Samahani, Mheshimiwa," akasema. "Matawi ni ya benki, ya chama na ya vitu. Mtu ana mikono. Kama hawa wana matawi, basi si watu. Na kama si watu, basi waraka..."

Hakumaliza, wala hakuhitaji. Nyuma ya Mheshimiwa, kwenye hema, ilitundikwa picha ya Mtukufu Kiongozi, ile anayotabasamu kwa upande mmoja. Mheshimiwa aliitazama. Tingatinga likaendelea kunguruma. Kijasho kilimtoka Mheshimiwa sikioni kikashuka mpaka kwenye tai.

"Ninaona," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "ninaona kwamba wamekataa."

Bendi haikujua ipige nini, ikapiga wimbo wa taifa. Wakazi wote walikuwa wamekwisha kusimama.

*

Ningependa kumalizia hapo, maana ni mahali pazuri. Lakini nilimwahidi Mungu kusema kweli.

Mheshimiwa hakulala. Aliwakusanya maprofesa watatu wa lugha, akawafungia hotelini kwa siku tisa na kuwaamuru waandike waraka mpya. Waraka huo ulitiwa saini kama ule wa kwanza, bila kusomwa. Uliletwa Nong'ona asubuhi ya Jumatano, na tingatinga likaja nyuma yake. Bwana Selengu alinipa niwasomee wenzangu.

"Miti yote ya Kichaka cha Nong'ona iondolewe leo hii, ing'olewe pamoja na mizizi yake, na usiachwe hata mmoja."

Niliusoma mara tatu nikitafuta pa kushika. Hapakuwa na pa kushika. Kila neno lilikuwa mahali pake. Mwalimu Rehani aliuchukua, akausoma hadi mwisho. Akasema kwa huzuni kwamba angewapa kumi kwa kumi. Vitu havipewi barua wala haviitiwi mkutano. Huondolewa tu. Siku hiyo, Mungu anisamehe, nilijuta kujua kusoma.

Bi Zamoyoni alikwenda kusimama mbele ya tingatinga na ndoo yake. Dereva akamwamkia, akamwambia kwa heshima kwamba yeye hana ugomvi na mama yeyote. Anangoja tu Afisa Mtendaji amwonyeshe miti iliyotajwa na kutia saini kwamba ameiona. Bila saini hiyo hawezi kusogeza hata jiwe.

Wote tukamtazama Bwana Selengu. Ni mtu mwenye watoto sita. Bado miaka mitatu astaafu. Alichukua daftari la wakazi akalibana kwapani, akauchukua waraka wa kwanza na wa pili, akaingia kichakani peke yake.

Alikaa mpaka adhuhuri. Tulimsikia akitembea, akisimama, akitembea tena. Mara moja tulimsikia akimuuliza mtu jina, kisha akisema, "Ahaa, ndiyo, nimekukumbuka." Dereva alisinzia. Ngwatu alisema labda mzee amepotea. Nikamwambia Nong'ona haina pa kupotelea.

Alipotoka alikuwa na majani kwenye nywele. Aliketi kwenye meza yake, akaandika taarifa kwa mkono, akaigonga mihuri yote ishirini na miwili, mmoja baada ya mwingine, mpaka karatasi ikawa imekunjamana kama ngozi ya kenge. Kisha akanipa mimi niisome kwa sauti, wote wasikie, akiwemo dereva.

Nikasoma: "Kwa Mheshimiwa Waziri. Nimeupokea Waraka wa Pili, nao hauna kosa. Waraka wa Kwanza nao hauna kosa, na haujafutwa, kwa kuwa kisicho na kosa hakifutwi. Nimefika mwenyewe Nong'ona na kuitafuta miti iliyotajwa, kuanzia njiani hadi kwenye chemchemi. Sikuuona hata mmoja. Niliowakuta ni wakazi elfu nne mia tatu na kumi na mmoja, wote wazima, wote wamesimama."

Dereva aliuliza kama hiyo ina maana arudi. Bwana Selengu akasema yeye anaelewa hivyo.

Bi Zamoyoni aliniomba niisome tena. Nikaisoma tena, polepole, nikipitisha kidole chini ya kila neno kama nilivyofundishwa. Haikuwa na kosa hata moja.